Chini ya Sita

Mama Pacha hakuwa mtu wa kitako. Tangu utoto wake shangazi zake walisema kiti kikimwona huota miiba. Chuoni alikofundisha kompyuta wanafunzi walikuwa wamezoea kumfuata kwa shingo, kushoto kulia, kama watu wanaotazama mpira wa meza, maana somo lake lote lilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Lakini mwaka ule wa kuihamisha Nukta, hata yeye alijishangaa. Aliloweka nguo asizifue. Alibandika maji ya chai yakakauka. Alifika jikoni akasimama akijiuliza kilichomleta. Jirani wa chini alipanda siku moja kumuuliza, kwa adabu, kama amenunua cherehani, kwa sababu dari yake haikunyamaza tangu alasiri.

Nukta ilikuwa programu ya hisabati. Yeye na Baba Pacha waliianza wakiwa wachumba. Ilishughulika na michoro: nukta kadhaa zilizounganishwa kwa mistari, kama ramani ya mitaa isiyo na majina. Unaipa mchoro, unaiuliza swali, inakutafutia jibu. Waliitoa bure, na msimbo wake wakauweka wazi ili yeyote ausome, aurekebishe, auboreshe. Watu wasiowajua, wa nchi wasizowahi kufika, wakaanza kuitumia, kisha wakaanza kuichangia. Baadaye wakapata mapacha, na baadaye zaidi wakaachana. Ndoa ilivunjika, Nukta haikuvunjika. Mama Pacha alibaki kuwa msimamizi wake. Baba Pacha, mhadhiri wa chuo kikuu, akabaki kuwa mtumiaji wake mashuhuri kuliko wote. Majina nayo yakawaganda, kwani talaka haiondoi uzazi.

Shughuli ya mwaka ule ilikuwa hii. Lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika Nukta ilikuwa imepata toleo jipya, na wenye lugha hiyo walikwisha kutangaza kwamba mwaka ukiisha la zamani halitatunzwa tena. Asiyehama angebaki peke yake na nyufa zake. Na kuhama kwenyewe hakukuwa kubeba virago tu. Maneno ya lugha yalikuwa yale yale, ila tabia zilibadilika. Toleo la zamani lilikuwa na haya ya mwenyeji: ukilikosea lilinyamaza, likakupa jibu lolote mradi usiondoke mikono mitupu. Jipya halikuwa na haya hata chembe. Ukilikosea lilisimama katikati ya njia likakuambia, hapa sipiti.

Basi kila akitoka kazini Mama Pacha alifungua laptopu juu ya kabati la vyombo, kwa kuwa alifanya kazi amesimama, akaendesha majaribio ya kuipima Nukta, akatazama yaliyoanguka, akarekebisha, akaendesha tena. Mwenzake mkubwa katika kazi hiyo alijiita Konokono, binti wa chuo cha mbali ambaye hakuna mwenzake yeyote katika mradi aliyewahi kumwona uso, na ambaye, kinyume na jina lake, alikuwa mwepesi kama panya wa ghalani.

Jumamosi moja asubuhi, watoto wakiwa kwa baba yao, jaribio moja lilianguka kwa namna mpya. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: haiwezekani kulinganisha "hakuna" na namba.

Kwanza Mama Pacha alicheka. Akamwandikia Konokono, "Limeanza kutuletea falsafa."

"Nimeona," Konokono akajibu papo hapo. "La zamani lilikuwa linakubali. Ukiliuliza kati ya hakuna na saba kipi kidogo, linasema hakuna. Kwake hakuna ni ndogo kuliko namba yoyote ile."

"Hata hasi milioni?"

"Hata hasi milioni. Dada, hili dogo. Naweka mstari mmoja tuige tabia ya zamani, majaribio yapite, twende mbele."

Mama Pacha alikuwa tayari anaandika "sawa" alipotazama tena mahali jaribio lilipoangukia. Kidole kikasita.

Sehemu ile ya Nukta ilikuwa ya kupaka michoro rangi. Kazi yake ilikuwa kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi zinazotosha kupaka nukta zote, bila nukta mbili zilizounganishwa kufanana. Michoro mingine ni sugu, kompyuta inaweza kuhangaika nayo mpaka ikachemka. Kwa hiyo enzi zile waliiwekea kikomo: muda ukiisha bila jibu, acha, andika hakuna, nenda mchoro unaofuata. Kisha, hatua chache chini, mstari mmoja uliuliza: je, jibu ni chini ya sita? Likiwa chini ya sita, mchoro umefaulu.

Akausoma mstari ule. Akausoma tena akiwa dirishani, laptopu mikononi, kana kwamba mwanga ungeubadilisha. Mchoro ulioishinda kompyuta ulirudisha hakuna. Hakuna ni chini ya sita. Basi mchoro umefaulu. Miaka yote ile, kila kilichoshindikana kilikuwa kikihesabiwa kuwa kimethibitishwa.

Na kilichothibitishwa hakikuwa kitu cha mchezo. Wenye fani waliyaita matokeo yale "Chini ya Sita", nayo ndiyo yaliyompa Baba Pacha jina: kwamba michoro yote ya ukoo fulani, hadi ukubwa fulani, hutosheka na rangi zisizofika sita. Makala yake ilinukuliwa huku na huku. Watu walijenga kazi zao juu yake, ghorofa juu ya ghorofa. Chuo kikuu kilikuwa kinaandaa kumpa uprofesa, na mama yake mzazi alikuwa ameshashona nguo ya sherehe.

"Usiweke huo mstari," Mama Pacha akaandika.

"Kwa nini?"

"Subiri kwanza."

Siku ile hakumaliza jambo hata moja. Alitoka kununua sabuni akarudi na kiberiti. Alisugua jiko lililokuwa safi. Mambo mawili yalikuwa yakipigana ndani yake. La kwanza, akinyamaza hakuna atakayejua: la zamani linakufa, jipya litaiga, na mstari utazikwa bila matanga. La pili lilikuwa baya zaidi, na hakulipenda. Kipande fulani cha moyo wake kilikuwa kimefurahi. Chini kabisa ya makala ile, kwa herufi ndogo, kulikuwa na shukrani: "Namshukuru mke wangu kwa kunisaidia kuchapa." Kuchapa! Nusu ya Nukta ilitoka kwenye vidole hivi hivi. Sasa hakujua, akienda kusema, kama ni haki inayompeleka au kinyongo. Na mtu asiyejua kinachompeleka hutembea njia nzima akigeuka nyuma.

Jumapili mchana alikwenda kuwachukua watoto. Tangu talaka Baba Pacha alikuwa amerudi kuishi kwa mama yake. Mwenyewe aliuita mpango wa muda, na mama yake alisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu," alisema bibi yule, ambaye alikataa katakata kuitambua talaka. "Karibu ukae."

"Nimekaa sana njiani, mama."

"Wewe? Kukaa? Labda ulimkalia mtu."

Baba Pacha alikuwa chumba cha nyuma, katikati ya makaratasi, anaandaa mhadhara wake wa sherehe. Mama Pacha alieleza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa. Hakuhitaji kumaliza. Huyu bwana alikuwa na kasoro nyingi, lakini uzito wa kichwa haukuwa mojawapo. Alimwona akifunika kalamu yake taratibu, akaiweka mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ni michoro mingapi iliyoachwa?" akauliza.

"Sijui. Wakati ule hatukuwa tunahesabu."

"Michache tu."

"Labda."

"Basi rudisha ilivyokuwa. Ni mstari mmoja. Mimi nitaichunguza polepole, baada ya... mwezi ujao hivi."

"Baada ya uprofesa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, ila nimesikia."

Baba Pacha akainuka. "Mstari huo aliuandika nani?"

Swali hilo Mama Pacha hakulitegemea. Kumbukumbu za mradi zilionyesha jina la Baba Pacha, lakini hazikuwa na maana. Enzi zile walikuwa na kompyuta moja na akaunti moja, wakipokezana kiti, mmoja akibembeleza pacha na mwingine akiandika.

"Sikumbuki," akasema.

"Mimi nakumbuka. Ni wewe. Ndiyo tabia yako, kukata kona."

"Kikomo cha muda ulikitaka wewe! Ulikuwa na haraka ya kuchapisha."

"Aa, sasa naelewa. Umekuja kulipiza. Miaka yote umeifuga ile 'kuchapa' kifuani."

"Nimeifuga, sikatai. Lakini hilo halifanyi hakuna iwe namba."

"Huna uhakika kwamba nimekosea!"

"Sina. Na wewe huna uhakika kwamba umepatia. Ndicho nilichokuja kusema."

Sauti ya bibi ikapenya kutoka ukumbini: "Gombaneni tu, wanangu! Waliomalizana hawagombani!"

Mama Pacha akawachukua watoto, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu aliandika rekebisho. Palipokosekana jibu, Nukta sasa ingesema "haijulikani", na mchoro huo usingehesabiwa popote. Akaandika na tangazo fupi la kuwaeleza watumiaji kilichokuwa kikitokea zamani. Makala ya mtu yeyote hakuitaja. Akamtumia Baba Pacha kwanza, na neno moja chini: "Itatoka kesho mchana." Siku nzima aliichungulia simu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama ana mgonjwa. Jibu halikuja. Kesho yake mchana, kati ya vipindi viwili, akiwa kwenye ngazi za chuo, alibonyeza, na tangazo likaenda.

Konokono, ambaye hajawahi kuchelewa kujibu, safari hii alichelewa.

"Dada, hii inagusa Chini ya Sita?"

"Inagusa."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

"Pole."

"Pole ya nani?"

"Sijui. Ya wote."

Wiki ikapita kwa shida. Maswali yakaanza kuingia kutoka kwa watu waliojenga juu ya ile makala, kwanza ya upole, kisha yenye meno. Mama Pacha alijibu kila moja kwamba mwenye kazi anachunguza, ingawa hakujua kama ni kweli. Usingizi ulimkataa, na mchana miguu ilimsukuma kama ana mahali pa kuwahi.

Kisha siku moja, katikati ya somo, shingo za wanafunzi zote ziligeukia upande mmoja na hazikurudi. Baba Pacha alikuwa amesimama mlangoni, shati halijapigwa pasi.

"Arobaini na mmoja," akasema.

Mama Pacha akaelewa. Akawaambia wanafunzi wasome ukurasa wowote, akatoka naye kwenye ukumbi wa nje.

"Michoro arobaini na mmoja iliachwa," Baba Pacha akaendelea. "Nimetumia toleo lako jipya. Lina kasi kuliko la zamani, hilo nakupa. Lakini kompyuta yangu haiwezi peke yake. Nipe maabara yenu likizo ikianza. Tuondoe kikomo, tuiache ikimbie mpaka ijibu."

"Na ikijibu vibaya?"

"Basi itakuwa imejibu." Akatazama sakafu. "Watu wananiandikia, Mama Pacha. Mmoja anasoma shahada ya uzamivu. Amejenga sura tatu juu yangu. Sikulala."

Likizo ilipoanza maabara ilikuwa tupu, joto, imejaa mvumo wa mashine. Waligawa michoro, kila kompyuta na fungu lake. Baba Pacha alikaa kama jiwe mbele ya kioo kimoja. Mama Pacha alizunguka kati ya meza.

"Unaweza kutulia hata kidogo?"

"Nikitulia mimi, zitatulia na hizi mashine."

Majibu yakaanza kudondoka. Nne. Tano. Tano. Nne. Tano. Kila tano ilipoonekana, mabega ya Baba Pacha yalishuka kidogo. Siku ya tatu alikuwa ameanza hata kutania. Alikumbuka kompyuta yao ya kwanza iliyokuwa ikizimika kila mtu akiwasha pasi, akaiga mlio wake, na Mama Pacha akajikuta amecheka kabla hajajizuia. Michoro arobaini ilipita yote. Ulibaki mmoja, wa nukta sitini na kitu, nao haukuwa na haraka. Ulikimbia siku hiyo, ukakimbia iliyofuata. Mlinzi wa chuo alizoea kuwaona hadi akaacha kuwauliza vitambulisho.

Jibu lilikuja Ijumaa karibu na saa sita mchana. Mama Pacha ndiye aliyeliona kwanza, maana ndiye aliyekuwa akipita. Alisogea pembeni tu ili mwenzake aone.

Sita.

"Programu imekosea," Baba Pacha akasema. "Umeihamisha vibaya."

"Inawezekana," Mama Pacha akajibu, na hakuwa anajibu kwa upole tu. Alikwisha kuliogopa hilo mwenyewe. "Tumwombe mwingine ahakiki."

Wakampelekea Konokono mchoro huo bila kumwambia jibu walilopata, wakamwomba atumie njia nyingine kabisa, nje ya Nukta. Jumapili asubuhi akajibu kwa neno moja. Lilikuwa sita.

Alasiri hiyo Mama Pacha alipofika kuwachukua watoto, alikuta nyumba kimya. Mezani palikuwa na karatasi kubwa zilizobandikwa pamoja, na juu yake mchoro wenyewe, umechorwa kwa mkono, kama uzi uliochezewa na paka. Mapacha walikuwa wameinama upande huu, bibi na miwani yake upande ule, na Baba Pacha katikati. Penseli za rangi zilikuwa tano.

"Baba amesema tukiweza atatununulia baiskeli," pacha wa kike akasema bila kuinua kichwa.

"Mbili," kaka yake akasahihisha.

Kila walipojaribu, mwishoni ilibaki nukta moja iliyozungukwa na rangi zote tano. Walifuta, wakaanza upande mwingine, nukta ikabaki kwingine. Mama Pacha akachukua penseli ya kijani, akajaribu naye, akiinama na kuinuka, akizunguka meza. Ikabaki.

"Hii ina kiburi," bibi akasema, akavua miwani. "Kwani mkiongeza ya sita kuna ubaya gani? Madukani zimejaa."

Baba Pacha akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, lakini kilikatika katikati, akatoka nje haraka. Mama Pacha akaiweka penseli, akamfuata. Alimkuta amesimama uani karibu na kamba ya nguo, anaangalia mashuka.

"Nitaandika masahihisho," akasema bila kugeuka. "Na barua kwa chuo kikuu, kabla hawajakaa kikao."

"Watakunyima."

"Wataahirisha. Ndilo neno lao la heshima." Akajifuta uso kwa kiganja. "Unajua kinachoniuma? Ni mchoro mzuri. Ningeupata wakati ule, ningeandika makala nzuri kuliko ile."

"Andika sasa."

"Jina lako nitaliweka la kwanza."

Mama Pacha akahisi damu inampanda. "Kwenye ushindi nilikuwa mchapaji, kwenye kosa ndiyo nimekuwa mwandishi?"

Baba Pacha akanyoosha ncha ya shuka iliyokunjika. Kwa mara ya kwanza tangu Mama Pacha amjue, hakujitetea. Walisimama hivyo, mashuka yakipepea kati yao, mpaka mmoja wao, hawakujua ni nani, akaanza kucheka, na mwingine akafuata. Hakikuwa kicheko cha watu waliopatana. Ni cha watu waliochoka.

"Liweke," Mama Pacha akasema mwishowe. "La pili, kwa sababu mchoro umeukamata wewe. Lakini na lile neno la kuchapa ulisahihishe pia. Uandike nilichofanya."

"Nitaandika."

Na aliandika, kwa sentensi mbili kavu zisizo na mapambo, naye Mama Pacha akazisoma mara nyingi kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Uprofesa uliahirishwa, na tarehe haikutajwa. Wengine waliojenga juu ya Chini ya Sita walilalamika. Yule wa uzamivu alibomoa sura mbili akabakisha moja, kisha akaandika kuuliza kama anaweza kupewa ule mchoro wa rangi sita. Bibi alivaa nguo yake mpya kwenye harusi ya watu wengine, akisema kitambaa hakina kosa. Na Mama Pacha na Baba Pacha hawakurudiana, ingawa bibi aliwaombea kwa sauti kila walipokuwa wote wawili ukumbini.

Nukta nayo ilikuwa bado katikati ya safari. Mwaka ulikuwa unakwisha, majaribio bado yalianguka, na Mama Pacha aliendelea kulala kidogo na kutembea sana. Ndipo Baba Pacha alipomwandikia kuuliza ni kazi gani imebaki ambayo hakuna anayeitaka. Ilikuwepo: sehemu ya kuchora michoro kwenye kioo, msimbo mkongwe uliojaa viraka. Akampa. Kwa kuwa kanuni ya mradi ilikuwa kwamba kazi ya kila mtu ikaguliwe na mwingine, naye hakutaka kuwa mkaguzi wa mtalaka wake, akampangia Konokono.

Siku chache baadaye simu ililia Mama Pacha akiwa kwenye foleni ya benki, akiyumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Huyo mtoto wako, Konokono, amenirudishia kazi tena," Baba Pacha akasema. "Mara ya tatu!"

"Amesema nini?"

"Anasema naandika kwa lafudhi ya toleo la zamani. Mimi! Nilianza kuandika programu yeye hajui hata kutambaa."

"Sasa umemjibu nini?"

Upande wa pili zilisikika kelele za mapacha wakigombania kitu, na bibi akiwakemea.

"Nimerekebisha," Baba Pacha akasema, akakata simu kabla hajachekwa.